Kuhesabu Kazi ya Watumishi: Habari za Rabai

Desturi ya watumishi wa Kanisa kuketi pamoja na kusimulia waliyoyatenda ni ya kale sana. Mitume walipotoka katika safari yao ya kwanza, walimpasha Bwana habari za kazi yao, naye akataka wapate faragha ya kupumzika. Paulo na Barnaba nao waliporejea Antiokia, waliwakusanya ndugu kwanza wawape habari. Lakini mikutano yetu ya mwisho wa mwaka mara nyingi huwa ya kutafuta upungufu: paa linavuja, sadaka ni haba, vijana hawaji. Mwalimu wa kijiji hurudi nyumbani akidhani hakufanya neno. Na ikiwa twataka kufurahi, twafungua daftari la ubatizo, twahesabu majina, basi. Yafaa tupime desturi hiyo kwa habari za Rabai.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alijiwa na Johannes Rebmann, wakapanda wote wawili mpaka Rabai, katika nchi ya Wamijikenda, nyuma ya Mombasa. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya ugonjwa. Rebmann akabaki. Alikaa Afrika miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Na macho yake yakaingia giza. Alipochukuliwa kurudishwa Ulaya mwaka 1875, Wakristo aliowaacha walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata akafariki.

Sasa, lau mtu angaliitisha mkutano Rabai mwaka 1875 kusherehekea kazi, angalisema nini? Daftari lisingalimsaidia. Wengine walikwisha kusema ya kuwa kituo kile kimeshindwa, wala sioni ajabu, kwa maana walitazama hesabu tu. (Hata habari ya theluji ya Kilimanjaro, aliyoiona kwa macho yake mwaka 1848, wenye elimu wa London waliikataa miaka mingi.) Walakini mzee yule alikuwa amekusanya maneno ya lugha za nchi hii, na kamusi yake ya Kinyanja ilipigwa chapa mwaka 1877, yeye akiwa kaburini. Tena kulikuwa na watu aliokaa nao.

Watu hao ndio nitakao kuwataja hasa. Mwaka 1864 waliletwa kutoka Bara Hindi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliookolewa katika utumwa wakasomeshwa huko, ili wamsaidie Rebmann. Jones alikuwa mhunzi kwa ufundi wake. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa wote wawili ushemasi, kisha akamchukua Jones katika safari ya Uganda. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia mpaka wakafika Rabai mwezi wa Februari 1886, wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Kuwarudisha watu wale wenye njaa na huzuni mwendo wote ule, nadhani ni kazi kubwa kuliko hotuba nyingi zilizosifiwa, ingawa yeye mwenyewe aliihesabu kuwa msiba.

Siku zile watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, na Jones akawapokea, akawapa mahali pa kujenga na kulima. Wenye mali walikasirika, hata ikahofiwa vita. Mwisho kampuni ya Waingereza ikawalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400, wa Rabai na vituo vya jirani, wakapewa hati za uhuru.

Kwa hiyo naona mkutano wa watumishi usianze na daftari. Kwanza kila mmoja aseme alichokiona katika kazi ya mwenziwe, kwa maana ni vigumu mtu kuona yake mwenyewe. Jones aliona bendera ya msiba tu. Halafu aulizwe ni nani aliyekuwa mahali pake kabla yake, na alimwachia nini. Majibu yaandikwe pamoja na majina, yakiwemo ya mpiga kengele na ya mama wanaofagia kanisa. Hesabu za ubatizo na fedha zisomwe baadaye. Na kama mitume walivyopewa nafasi ya kupumzika, watumishi nao wapewe siku mbili tatu za kukaa na jamaa zao kabla ya kugawiwa kazi za mwaka mpya. Jambo hili wazee wa kanisa hulisahau upesi.