Pointa janja na mlango wa kizamani

Ukiulizia duka la simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, unaweza kuandikiwa namba ya fremu kwenye kikaratasi. Kikaratasi si duka, wala hakisemi nani atafunga jioni. Katika lugha za C na C++ kikaratasi hicho ndicho pointa: anwani tu ya mahali kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Asipopatikana wa kufunga, sehemu ile inakaliwa bure na programu inazidi kuvimba. Wakifunga wawili kitu kilekile, programu inaanguka, na wadukuzi wanaupenda sana mwanya huo.

Dawa ilitafutwa mapema. C++ ya 1998 ilikuja na auto_ptr, pointa janja inayofunga yenyewe. Ila ilikuwa na kituko: ukiinakili, ile ya kwanza inabaki mikono mitupu, kimyakimya. Mwaka 2011 ikaja unique_ptr, yenye mwenye mali mmoja tu, pamoja na shared_ptr iliyotokea kwenye maktaba za Boost. Toleo la 2017 likaifuta auto_ptr kabisa.

Tatizo likabaki mlangoni. Maktaba nyingi tunazotegemea ni za C, na C haijui pointa janja. Mfano unao mfukoni: SQLite ya D. Richard Hipp, iliyotoka 2000, imo ndani ya simu za Android zinazouzwa hapo Aggrey. Kufungua hifadhidata unaita sqlite3_open, nayo inadai anwani ya pointa ghafi ili iandike humo. Pointa janja haimruhusu mgeni aandike ndani yake. Basi watu wakawa wanaweka pointa ghafi pembeni, wanaita, halafu wanaikabidhi kwa pointa janja. Hapo katikati ndipo pana balaa. Hata kufungua kukishindikana, SQLite kwa kawaida bado inakupa kitu cha kufunga! Ukikimbilia kurudisha kosa kabla ya kukabidhi, umeshavujisha.

Microsoft walijaribu njia ya mkato. CComPtr yao iliigeuza alama ya & itoe pointa ya ndani moja kwa moja. Tamu, lakini kama tayari imeshika kitu, cha zamani kinapotea bila kuachiwa. Mimi naona ule ulikuwa ujanja wa kupitiliza.

C++23 ndiyo iliyoleta jibu rasmi, out_ptr, kwa pendekezo lililosukumwa na JeanHeyd Meneide. Hii ni winga hasa: inasimama katikati, inaipa C pointa ghafi iandike, na sentensi ya programu ikiisha inamkabidhi mwenye mali. Nduguye, inout_ptr, ni kwa maktaba zinazopokea cha zamani na kukibadilisha.

Angalizo kwa wanaoandika programu: winga hakabidhi mpaka sentensi iishe. Ukiita ndani ya sharti la if, kisha kwenye sharti hilohilo ukaichungulia pointa janja, utaikuta bado haijapokea kitu. Fanya ukaguzi mstari unaofuata.