Mmeto, Si Rangi za Upinde

Nimeletewa faharasa ya istilahi za ndege ambayo, kwa mujibu wa dibaji yake, imepitiwa na jopo la wataalamu. Nikafungua moja kwa moja palipo na chozi. Humo nikaelezwa kwamba koo la dume lina “rangi za upinde wa mvua”. Sijui jopo hilo lilikaa vikao vingapi. Inatosha kusema kwamba halikumtazama chozi.

Anayepiga picha milimani anajua kinachotokea. Chozi wa Loveridge, ambaye hapatikani popote ila milima ya Uluguru, akitua kwenye ua kivulini, koo lake kwenye picha huwa jeusi tii. Akigeuza kichwa kidogo upande wa jua, picha inayofuata ina kijani kikali cha kuumiza macho. Ndege ni yuleyule, ua ni lilelile. Upinde wa mvua hauna tabia hiyo: hupanga rangi zake zote kwa pamoja, na mtoto wa shule huzitaja kwa zamu. Mwanafunzi atakayeiamini faharasa hii atatafuta mistari saba kwenye koo la ndege mwenye uzito wa gramu chache.

Kosa limetoka mbali. Wazungu walilijenga neno lao la dhana hii, “iridescence”, juu ya jina la Iris, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, tarishi wa miungu aliyehusishwa na upinde wa mvua. Hiyo ni ngano yao, na inawafaa. Wanajopo wetu wakatafsiri ngano, dhana wakaiacha njiani. Mwenzetu mwingine, ambaye kwa staha simtaji, amependekeza “mng’ao”, tena kwa sauti kubwa katika kila kongamano. Mng’ao ni wa sufuria iliyosuguliwa: igeuze utakavyo, rangi yake ni ileile. Na wapo waliochoka kufikiri wakaandika “iridesensi”.

Mimi nasema mmeto, na nilisema hivyo kabla jopo halijaundwa. Kitenzi ni meta, kilichotupa memeta na metameta, kikatupa na kimetameta, yule mdudu wa usiku awakaye na kuzima. Kama cheza ilivyozaa mchezo, na enda ikazaa mwendo, ndivyo meta izaavyo mmeto, hapakuhitajika kikao. Wapinzani wangu hudai kwamba kumeta ni kuwaka na kufifia tu. Ndiyo maana nikalichagua! Rangi ya koo la chozi haitokani na chembe za rangi ya kijani. Hutokana na tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya, zinazorudisha mawimbi ya mwanga hivi kwamba mengine hupata nguvu na mengine huuana. Pembe ya kutazamia ikibadilika, rangi nayo hubadilika au hutoweka. Robert Hooke aliandika mwaka 1665 kwamba unyoya wa tausi ukiloweshwa maji hupoteza rangi zake. Upinde wa mvua, kwa upande wake, hauonekani bila maji. Sijui wanajopo watalijibuje hilo.

Kinyume cha rangi ya mmeto ni rangi ya chembe, mfano wekundu wa kifua cha machozi wengi wa milimani, ambao hauzimiki ndege akigeuka. Kwa mpiga picha, basi: jua liwe mgongoni, piga mfululizo, na usimtambue chozi kwa koo peke yake; tazama kifua, mkia, mdomo, na mlima uliosimama juu yake.

Nawaomba wahariri wa vitabu vya ndege waandike mmeto, wingi mimeto, ngeli ya U-I. Jopo nalo lina ruhusa yangu kulitumia.