Kidete, 1916: Ukanda wa Kuzuia Damu na Umbali wa Daktari

Stesheni ya Kidete, iliyoko kwenye Reli ya Kati ndani ya bonde la mto Mkondoa magharibi mwa Kilosa, iliingia katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza katikati ya Agosti 1916, pale kikosi cha Jenerali Jacob van Deventer, kilichokuwa kimeuteka mji wa Dodoma mwishoni mwa Julai, kilipopambana na askari wa jeshi la Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Kilosa, mji uliotwaliwa tarehe 22 ya mwezi huo. Wanahistoria wa kijeshi hulipita pambano hilo upesi kwa kuwa halikuamua lolote, ilhali katika historia ya tiba ya vita bonde hilo linadhihirisha jambo ambalo vitabu vya mafunzo huchelewa kulitaja: ubora wa ukanda wa kuzuia damu, yaani kile kinachokazwa juu ya jeraha la mkono au mguu ili kuifunga ateri, hauwezi kupimwa bila kuupima pia umbali wa daktari mpasuaji.

Vifaa vilivyojulikana wakati huo vilikuwa vya aina tatu. Cha kwanza kilikuwa kitambaa kilichosokotwa kwa kijiti, kilichopatikana popote lakini kilicholegea kwa urahisi; cha pili kilikuwa ukanda wa skrubu uliobuniwa na Jean-Louis Petit huko Paris mwaka 1718, ambao mtu mmoja aliweza kuukaza na kuulegeza kidogo kidogo, ingawa ulikuwa mzito; na cha tatu kilikuwa bandeji ya mpira ya Friedrich von Esmarch, daktari wa Kiel, aliyeieleza mwaka 1873 kwa ajili ya chumba cha upasuaji, kisha akabuni hata kanda za mpira za kushikilia suruali mabegani ili kila askari awe amevaa kifaa chake mwilini. Mpira hubana vizuri, lakini huharibika katika joto, na majeshi ya Kijerumani, yaliyokuwa yamekatiwa bahari na manowari za Waingereza, yalifikia hatua ya kutengeneza bandeji kwa magome ya miti.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi lilikuwa muda. Kiungo kilichofungwa damu huanza kupata madhara ya misuli na neva baada ya saa mbili hivi, na kikiachwa kwa saa nyingi zaidi huoza, hivyo hukatwa. Nayo reli, ambayo ndiyo ingemfikisha majeruhi hospitalini, ilikuwa imevunjwa madaraja yake na Wajerumani waliorudi nyuma. Majeruhi aliyebebwa kwa machela katika milima ile alihitaji muda mrefu kuliko ule ambao mguu wake ungeweza kuvumilia. Ndiyo maana wapasuaji wengi wa vita ile waliuogopa ukanda huu, na hofu yao, ambayo leo hudhaniwa kuwa ujinga, ilikuwa na msingi wa kweli katika barabara walizokuwa nazo.

Hofu hiyo iliondoka pale usafiri ulipobadilika. Utafiti wa John Kragh katika hospitali ya Kimarekani mjini Baghdad mwaka 2006, uliowahusu majeruhi 232, ulionyesha kwamba waliofungwa kabla ya kuingia katika mshtuko wa kupoteza damu walinusurika kwa asilimia 90, na waliochelewa kwa asilimia 10 tu, wala hakuna kiungo kilichopotea kwa sababu ya ukanda peke yake. Lakini Baghdad ilikuwa na helikopta. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, iliposhambuliwa na askari wasiopungua 14 wakauawa, uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulibaini kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaondoa. Kwa mganga wa kijeshi aliye mahali kama hapo, kujua namna ya kuandika saa ya kufunga na kuubadilisha ukanda kwa bandeji ya kukandamiza kabla ya saa mbili kwisha, endapo damu imetulia, ni sehemu ya ujuzi wenyewe wa kufunga.