Kushusha gari bila kuumiza mgongo: historia kidogo kutoka Kilambo

Wiki hii chuoni mambo ni mengi, asaimenti mbili na prezentesheni moja juu yake, lakini kuna suala limenikaa kichwani na nisipolitua hapa sitasoma kitu.

Suala lenyewe ni hili: je, gari ya kutembelea kila siku inaweza kushushwa ikalala chini kama zile za kwenye picha, na bado watu wakakaa ndani kwa raha? Swali sio langu. Ni la kaka yangu wa Kilambo, kule mtoni Ruvuma. Ana Mark II Grande, ile GX110, aliyonunua kwa hela ya korosho ya mjomba. Asubuhi anapeleka watu Mtwara mjini, jioni anawarudisha. Siku ya pantoni kuvuka anawasubiri abiria wanaotoka Msumbiji. Gari hiyo ndiyo ada ya mdogo wetu, na ndiyo inampeleka bibi kliniki Ligula na mgongo wake mbovu. Sasa kaka anataka kuilaza. Fundi kamwambia ni kazi ya saa mbili, msumeno tu. Mjomba kasema gari ikikatwa springi, kaka atafute mjomba mwingine. Na kwetu Wamakonde mjomba akishasema hivyo ujue kikao kimefungwa.

Mimi gereji sijui kushika hata spana. Nasoma historia. Basi nikaona nijibu kwa njia ninayoijua.

KUSINI GARI HUPANDA, HAZISHUKI

Tuanze na nyumbani. Mtwara ya leo ni mtoto wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi wao mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu za mashamba. Wakahitaji bandari na reli. Mradi ukafa mwaka 1951, bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954 wakati karanga hakuna tena, na reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yaani tulibaki na bandari nzuri na barabara za kumwomba Mungu.

Wanaokumbuka safari ya Dar kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji (lilifunguliwa 2003, lina urefu wa mita 970) watakuambia habari ya kulala kwenye foleni ya kivuko. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kiliendelea kutesa watu masika hadi lami ilipokamilika miaka ya 2010. Gari ya kupita huko ilikuwa lori au Land Rover. Land Rover ilitoka 1948 ikiwa na springi za mabamba, yale mapande ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine, na kampuni ilikaa nazo hadi ilipoleta One Ten yenye springi za koili mwaka 1983. Bamba halivunjiki ovyo, na likivunjika hata fundi wa kijijini analibadilisha. Lakini ukali wake! Mtu akitoka Mtwara kufika Dar alikuwa hajui kama bado ana figo mbili.

Kwa hiyo kwetu gari kukaa juu halikuwa suala la urembo. Ilikuwa ni kufika. Hadi leo mtu akinunua IST jambo la kwanza ni kuiwekea spesa ikae juu. Na wengi hawajui kwamba spesa nayo hailainishi kitu: springi ni ile ile, imesogezwa tu, na shokapu inabaki imevutika muda wote. Gari inapanda, raha haipandi.

SHANKLAND NA PEUGEOT

Sasa angalia jambo la ajabu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za vumbi na tope. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskotishi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Hawakuendesha Land Rover. Waliendesha Peugeot 404, saluni, gari ya mwalimu mkuu na mkuu wa wilaya! Nick Nowicki alishinda na 404 hiyo hiyo mwaka 1963, akarudia 1968.

Siri? 404 ilikuwa na springi za koili laini, pande zote nne, na tairi lake lilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Peugeot walitengeneza hata shokapu zao wenyewe. Tairi lilikuwa linafuata shimo, bodi inabaki imetulia. Hapo ndipo nikaelewa: raha ya gari haitokani na urefu wake kutoka chini. Inatokana na nafasi ya tairi kucheza. Gari ndefu inaweza kuwa ngumu kama mkokoteni, na gari fupi inaweza kuwa laini, MRADI tairi lina pa kwenda.

HESABU KIDOGO (usikimbie)

Springi ikibeba gari hubonyea. Kadiri inavyobonyea zaidi kwa uzito wa gari yenyewe, ndivyo gari inavyoyumba taratibu na mwili unavyopumzika. Kwa springi ya kawaida, ikibonyea sentimita 25, gari huyumba mara 1 kwa sekunde. Hiyo ni laini kama kitanda. Ikibonyea sentimita 11, ni mara 1.5. Ikibonyea sentimita 6 tu, ni mara 2 kwa sekunde, na hapo bibi ataomba kushuka. Gari nyingi za familia zinakaa kati ya mara 1 na 1.5.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Ukishusha gari, nafasi ya tairi kupanda inapungua. Ukiacha springi laini, itagonga mwisho kila shimo. Ukiweka ngumu isigonge, mgongo unalipa. Miaka yote watu wamehangaika na ugomvi huu.

Mhandisi Maurice Olley alitoka Rolls-Royce akaenda Cadillac mwaka 1930, na mwaka 1934 wakatoa gari ambayo kila tairi la mbele lilicheza peke yake. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba springi za mbele ziwe laini kidogo kuliko za nyuma. Sababu yake ni nzuri: tuta linapigwa na tairi la mbele kwanza, la nyuma linafuata. Kama nyuma inayumba haraka zaidi kidogo, inaiwahi mbele na gari yote inatulia pamoja. Ukivuruga uwiano huo, mfano kwa kushusha mbele tu, gari inaanza kukuitikisha kichwa kama mtu anayekubali kila kitu.

WALIOWEZA

Wa kwanza kuumaliza ugomvi kwa adabu ni Wafaransa. Citroën walitoa DS mwaka 1955, na fundi mkuu wa mfumo wake alikuwa Paul Magès. Waliondoa springi za chuma, wakaweka gesi na mafuta yenye mgandamizo. Gesi ina tabia nzuri: inaanza laini, inakuwa ngumu kadiri inavyobanwa. Gari ilijipima yenyewe, ukipakia watu watano inarudi urefu ule ule. Na kulikuwa na wenzo wa kuinyanyua ukifika kwenye njia mbaya. Yaani chini kwenye lami, juu kwenye mashimo.

Wa pili ni vijana wenye asili ya Meksiko kule California. Wao walishusha gari kwa kukata springi na kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Kuanzia 1958 sheria ya jimbo ikakataza gari yenye sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa rimu. Ron Aguirre akajibu mwaka 1959: akaifungia Corvette yake pampu za haidroli, akimwona polisi anaipandisha, polisi akipita anaishusha. Sheria haikusema kitu kuhusu gari inayopanda na kushuka. Lakini tuseme ukweli, zile hazikuwa laini. Zilikuwa za kutembea polepole Jumapili watu waone. Ilichukua hadi mwaka 2023 California ikatunga sheria ya kuondoa marufuku hizo.

Wa tatu ni Wajapani, na hapa ndipo tunapokutana nao sisi. Tangu miaka ya 1970 vijana wao walikuwa wanalaza saluni za Toyota na Nissan. Ukaguzi wa kwao unataka gari ibaki angalau sentimita 9 kutoka ardhini. Baada ya Tanzania kulegeza biashara kuanzia miaka ya 1980, gari zao zilizotumika zikaanza kushuka bandarini Dar: Mark II, Chaser, baadaye Altezza. Fasheni nayo ikaja ndani ya kontena. Sentimita 9 kwenye lami ya Yokohama ni sawa. Sentimita 9 kwenye mteremko wa pantoni ya Kilambo, maji yakiwa yamekupwa, ni bampa mtoni.

NILICHOMWANDIKIA KAKA

Kwanza, msumeno hapana. Springi ikiwa na mizunguko 6 inayofanya kazi ukakata 1, ile iliyobaki inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Watu wanadhani wamepunguza chuma kwa hiyo wamepunguza ugumu, kumbe kinyume. Kuichoma kwa gesi ndiyo mbaya kabisa: chuma kinapoteza ukakamavu wake, inalala leo na kesho inaendelea kulala bila kuambiwa.

Pili, kama lazima, ashushe kidogo, sentimita 2 au 3, kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, ambazo mizunguko yake imebana upande mmoja ili zianze laini na kukaza zikibanwa. Pamoja nazo shokapu fupi zinazoendana nazo. Shokapu ya zamani kwenye springi fupi inafanya kazi mahali isipotakiwa na inakufa mapema. Mpira wa kuzuia kugonga nao uwe mfupi na laini, maana gari iliyoshuka itaugusa mara nyingi.

Tatu, kabla ya yote abadilishe bushi zilizochoka, na akimaliza akapime upya mwelekeo wa matairi, la sivyo yataliwa upande wa ndani. Na asiweke rimu kubwa yenye tairi nyembamba. Ukuta wa tairi nao ni springi, tena ya bure.

Nne, ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Gari ya kilo 1,400 ambayo springi zake zimebonyea sentimita 15 ikiwa tupu, ukiipakia watu na mizigo ya kilo 300 inashuka kama sentimita 3 nyingine, na nyuma zaidi. Maana yake Mark II ya kaka INASHUSHWA kila asubuhi. Ikitoka Kilambo na mama wanne, ndoo za samaki na gunia la korosho, tayari imelala. Sentimita anazotaka kuziuza kwa ajili ya urembo ndizo abiria wanazokalia. Citroën walijua hilo, ndiyo maana gari yao ilijinyanyua ikipakiwa. Ya kaka haijinyanyui.

Kwa hiyo jibu langu la historia ni kwamba inawezekana, watu wameweza, lakini kila aliyeweza alilipa mahali pengine: Mfaransa alilipa kwa mitambo ya bei mbaya, kijana wa California kwa mwendo wa konokono, Mjapani kwa lami iliyonyooka. Aliyekata tu springi akasema amemaliza, bili yake ililipwa na aliyekaa siti ya nyuma.

Kwetu siti ya nyuma anakaa bibi.

Kaka bado anawaza, juzi kaniuliza bei ya shokapu Kariakoo, kwa hiyo msumeno naona umeahirishwa. Mjomba kasema historia ni somo zuri kumbe. Miaka mitatu alikuwa ananiuliza nitakula nini nikimaliza.

Haya wadau, narudi maktaba. Kesho saa mbili kuna tesiti na mwalimu wetu hachelewi.