Safari ya Insulini

Katika mji wa Nakuru, na katika sehemu zinazouzunguka, Njoro na Bahati, Rongai na Subukia, wako watu ambao kabla ya kunywa chai ya asubuhi hujidunga sindano ndogo tumboni au pajani. Jioni hujidunga tena, na wengine hufanya hivyo mara nne kwa siku. Baadhi yao ni watoto wa shule. Dawa iliyomo katika sindano hiyo huitwa insulini, na miaka mia na michache tu iliyopita haikuwapo popote duniani.

Kwa mtu mwenye afya insulini hufanyizwa na kongosho, tezi iliyojificha nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kuipa sukari iliyomo katika damu njia ya kuingia mwilini iwe nguvu. Ikikosekana kabisa, kama itokeavyo kwa watoto wengi wenye kisukari, sukari hujaa katika damu na kumwagika pamoja na mkojo, na mwili hushinda na njaa katikati ya shibe. Mgonjwa hunywa maji asikate kiu, hula akazidi kukonda. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, wakaona kwamba amepata kisukari. Basi chanzo kilijulikana, lakini dawa ilikawia zaidi ya miaka 30. Katika muda huo tiba iliyotumainiwa na mabingwa wa Ulaya na Marekani ilikuwa kumnyima mtoto chakula, ili kifo kije polepole badala ya kuja upesi.

Mwaka 1921 daktari kijana wa upasuaji, Frederick Banting, na mwanafunzi aliyeitwa Charles Best walianza kazi katika maabara ya Profesa J. J. R. Macleod, mjini Toronto, nchi ya Kanada. Walikamua maji ya kongosho za mbwa, kisha za ng'ombe walizozipata machinjioni. Tarehe 11 Januari 1922 maji hayo alidungwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na uzito wa kilo 29 hivi. Hayakumfaa sana, na mahali palipodungwa pakafanya jipu. James Collip, bingwa wa kemia, akakesha akiyasafisha, na tarehe 23 Januari mvulana akadungwa tena. Sukari ikashuka, nguvu zikamrudia. Akaishi miaka 13 zaidi. Waliogundua dawa hiyo walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yao kwa dola moja kila mtu. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel, nao wakawagawia Best na Collip sehemu ya fedha.

Sasa na turejee kwetu. Mwaka huo wa 1922 Kenya ilikuwa na miaka miwili tu tangu iitwe koloni. Mwezi wa Machi Harry Thuku alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Nakuru ulikuwa mji wa reli katikati ya mashamba ya walowezi, na Mwafrika aliyefanya kazi katika mashamba hayo alitembea na kipande shingoni. Ng'ombe walijaa bondeni, na ndani ya kila ng'ombe ilikuwamo tezi ile ile iliyomwokoa Leonard Thompson. Lakini kati ya tezi na dawa ilikuwapo maabara, na kati ya dawa na mtoto wa mfanyakazi ilikuwapo fedha, hospitali na sheria za nchi.

Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye kufundisha Mulago, Uganda, alieleza kwamba katika miaka hiyo kisukari kilionekana kwa nadra kati ya Waafrika. Bila shaka kulikuwa na ukweli, kwa maana watu walikula vyakula vya shamba na kufanya kazi ngumu. Walakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza swali moja: je, mtoto aliyefariki nyumbani kwa majuma machache, kabla ya kufikishwa kwa daktari, aliandikwa katika daftari gani? Yamkini ilisemwa kwamba amekufa kwa homa, au amelogwa. Daftari la hospitali huwataja waliofika hospitali tu.

Dawa yenyewe iliendelea kubadilika. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark alitangaza insulini ifanyayo kazi polepole, nayo ikawapunguzia wagonjwa idadi ya sindano. Bomba la kioo lililochemshwa kila siku liliachwa, likaja la plastiki. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani liliitia insulini katika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima. Mwaka 1982 Marekani iliruhusu kuuzwa kwa insulini ya namna ya kibinadamu, iliyofanyizwa na bakteria.

Hata hivyo sindano haiponyi. Humwongezea mtu siku moja, na siku hiyo ina kanuni zake. Aliyejidunga hana budi kula kwa wakati, la sivyo sukari hushuka kupita kiasi. Jambo hili mimi nililijua kwa aibu. Nilikuwa nikifundisha saa ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, nikamwona msichana mmoja anatia peremende kinywani. Nikampokonya, nikamwamuru asimame nje. Alikuwa akitetemeka na jasho likimtoka, nami nikadhani ni hofu. Mwenzake ndiye aliyekimbilia jikoni akaleta maji ya sukari. Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa akijidunga kwa siri chooni, kwa sababu wenzake wa bweni walipoiona sindano walieneza habari kuwa anatumia dawa za kulevya.

Iko pia shida ya joto. Chupa isiyofunguliwa hutakiwa kuwekwa penye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, na nyumba nyingi za bondeni hazina jokofu. Watu hutumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati mchanga uliolowa maji. Maji yakikauka huondoka na joto. Wengi waliambiwa kwamba hilo halitoshi. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi wao, walioufanya kwa kufuata joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab. Waliona kwamba insulini iliyokaa majuma manne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake.

Msichana yule aliacha kujificha, akawa anajidunga chumbani kwa matroni kabla ya uji. Alimaliza kidato cha nne. Vyungu vyake alimwachia matroni, kwa kuwa katika kidato cha kwanza alikwisha kuja mvulana mwenye kuvihitaji.