Safu ya Lugha: Kukodi na Kukodisha

Kijana mmoja jirani yangu, ashughulikaye na akili unde, aliniambia juzi kwa bashasha kwamba “amekodisha” kichakataji michoro cha wingu kwa saa 6, nami, nikidhani sasa ana mtambo wake wa kuchumia, nikampongeza. Kumbe masikini ndiye alipaye! Mwenye chombo hukodisha, mwenye haja hukodi, au, kwa kauli ya wazee wetu wa pwani, hutwaa kwa ijara, neno la Kiarabu lililo ndugu wa ujira, maana yake malipo ya manufaa ya kitu pasi na milki yake kuhama. Kuazima ni kwa hisani. Kukopa ni kutumia na kurudisha mfano wake. Kupanga tuwaachie wakaao nyumba za watu.

Tena ijara hiyo huhesabiwa kwa muda: saa yaenda, chombo kikichapa kazi au kikilala. Kijana huyo alikuwa amechagua kichakataji aina ya T4, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, kwa kuwa ni rahisi kuliko A100 ya gigabaiti 80, nami nikamkumbusha kwamba modeli yake ya vigezo bilioni 7, kila kimoja kikishika baiti 2, yataka gigabaiti 14 kabla haijajibu hata swali moja. Kuingia itaingia kwa kubanana, lakini kuifunza upya yote humo ni muhali. Kesho yake akanijia mbio: “Shikamoo, mzee. Nimekodisha kubwa zaidi!”