Kupasuliwa kwa maji katika usanisinuru

Kupasuliwa kwa maji ni hatua ya usanisinuru ambayo kwayo mimea, mwani na sianobakteria hutumia nguvu ya mwanga kunyang'anya maji elektroni zake. Molekuli mbili za maji hutoa elektroni nne, protoni nne na molekuli moja ya oksijeni. Karibu oksijeni yote tunayovuta imetoka huko. Kwa jani lenyewe gesi hiyo ni masazo: linachokitaka kwenye maji ni elektroni za kugeuzia hewa ya ukaa kuwa sukari.

Wengi tulimaliza shule tukiamini vingine, kwamba jani huvuta hewa ya ukaa, hubaki na kaboni, kisha hutema oksijeni yake. Mlinganyo wa ubaoni, 6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂, unaificha habari yenyewe. Hesabu atomi: oksijeni inayotoka ina atomi 12, na molekuli sita za maji zina 6 tu. Ili zote zitoke kwenye maji, ni lazima ziingie molekuli 12 za maji, na nyingine 6 ziundwe upya upande wa pili. Hivyo ndivyo ilivyo, na ingefaa mwanafunzi aandikiwe hivyo tangu mwanzo.

Wa kwanza kulishuku jambo hili kwa hoja nzito alikuwa Cornelis van Niel, katika miaka ya 1930. Aliona kwamba kuna bakteria wanaofanya usanisinuru kwa sulfidi ya hidrojeni badala ya maji, nao huacha salfa, si oksijeni. Basi kinachoachwa hutoka kwa yule anayetoa elektroni. Mwaka 1937 Robert Hill wa Cambridge alionyesha kwamba kloroplasti zilizotolewa ndani ya majani huendelea kutoa oksijeni kwenye mwanga zikipewa chumvi ya chuma ya kupokea elektroni, hata bila hewa ya ukaa kugeuzwa sukari. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko Berkeley, Marekani, waliupa mwani wa Chlorella maji yenye oksijeni nzito, ile ya uzani wa 18. Alama hiyo ilijitokeza kwenye gesi. Walipoiweka kwenye chumvi ya kabonati badala ya maji, gesi haikuifuata.

Kazi hufanyika ndani ya kloroplasti, kwenye utando wa vifuko viitwavyo thilakoidi, katika mkusanyiko wa protini uitwao mfumonuru wa pili. Klorofili maalumu iliyomo humo, P680, hupata nguvu ya mwanga na kurusha elektroni moja kwa molekuli ya jirani. Ikishapoteza elektroni hiyo huwa na njaa kubwa kuliko kemikali yoyote nyingine inayojulikana katika viumbe hai, na lazima iwe hivyo, maana maji hayaachii elektroni kirahisi. Hujaza pengo kwa kuchukua elektroni kutoka kwa tairosini iliyo karibu, nayo tairosini huchukua kwenye kishada kidogo cha atomi nne za manganisi, moja ya kalsiamu na tano za oksijeni. Maji hupasuliwa hapo.

Kishada hicho kinahesabu. Mwaka 1969 Pierre Joliot wa Ufaransa aliziweka kloroplasti gizani, kisha akazimulika kwa vimulimuli vifupi mno, kimoja kimoja. Cha kwanza hakikutoa oksijeni, cha pili kilitoa kidogo sana, cha tatu kikatoa nyingi. Baada ya hapo kilele kilirudi kila kimulimuli cha nne. Mwaka uliofuata Bessel Kok alieleza sababu: kishada hupoteza elektroni moja kwa kila pigo la mwanga, kikipanda ngazi kutoka S₀ hadi S₄, na kinapofika juu ndipo hutoa oksijeni na kuanza upya. Gizani vishada vingi hutulia kwenye S₁, ndiyo maana kilele cha kwanza huja kwa pigo la tatu.

Ukiweka mmea wa majini kama Elodea chini ya faneli iliyofunikwa kwa neli ya majaribio yenye maji, karibu na dirisha lenye jua, utaona mapovu yakipanda mfululizo kutoka kwenye shina lililokatwa. Gesi ikijaa, kijiti chenye kaa huwaka tena ndani yake. Hesabu ya nne nne haionekani hapo, kwa kuwa vishada visivyohesabika viko kila kimoja kwenye ngazi yake.

Umbo la kishada lilifahamika vizuri mwaka 2011, watafiti wa Japani walipolipiga picha ya eksirei fuwele la mfumonuru wa pili kutoka kwa sianobakteria wa maji ya moto. Walikiona kama kiti kilichopinda.

Protoni zinazoachwa na maji hubaki ndani ya thilakoidi, na msongamano wake husukuma utengenezaji wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli.

Kazi ya kupasua maji huunguza mtambo wenyewe. Protini ya D1, inayokishika kishada, huharibika upesi: kwenye jua kali huweza kubadilishwa kila baada ya nusu saa hivi. Mmea unaokosa manganisi hudhoofika hapo, na majani yake huwa manjano katikati ya mishipa. D1 mpya ikishawekwa, manganisi hupangwa upya mahali pake, atomi moja moja, na kinachozifunga ni mwanga uleule.